Nimegeuza picha za kanga kuwa PNG ili zipungue, mbona zimenenepa?

Msomaji wa Tanga ameuliza: «Nauza kanga na vitenge mtandaoni. Nina picha 140 nilizopiga kwa simu, kila moja kama MB 3.5. Tovuti yangu inafunguka kwa shida, wateja wanalalamika inawalia bando. Kijana mmoja akanishauri nizigeuze zote ziwe PNG kwa kuwa ndiyo fomati bora. Nimezigeuza, sasa kila moja imefika MB 19 hivi. Nimekosea wapi? Halafu mwanangu ana cheti kilichoskaniwa, ni PDF ya MB 8, na mfumo wa maombi haupokei zaidi ya MB 1. Nifanyeje?»

Dada, pole kwa usumbufu. Hujaharibu kitu, na huyo kijana hakukudanganya. Amekupa dawa nzuri ya ugonjwa mwingine. PNG ni fomati ninayoipenda na kuitumia kila siku, ila picha iliyotoka kwenye kamera haiiwezi.

Tupige hesabu kwanza. Simu nyingi za siku hizi hutoa picha ya pikseli (vile vinukta vya rangi vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12, na kwa uzito uliotaja nadhani yako ni hivyohivyo. Kila pikseli ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kila namba inakula baiti moja. Milioni 12 mara tatu ni baiti milioni 36, kwa hiyo picha yako moja ikiwa haijabanwa hata kidogo ni MB 36. Simu ilikukabidhi MB 3.5. Ina maana kabla hujaigusa ilikwisha kubanwa mara kumi, na aliyeibana ni JPEG, fomati ambayo simu yako ilihifadhia picha. Ulipoomba PNG, programu ililifungua furushi lote likarudi kwenye MB 36, halafu ikalifunga upya kwa kamba ya PNG. Kamba hiyo ikaishia kwenye MB 19. Picha zako 140 zilizokuwa MB 490 sasa ni zaidi ya GB 2.6, na ubora haukuongezeka hata chembe, maana alichokwisha kukitupa JPEG hakirudi.

Kwa nini PNG ishindwe pale alipoweza mwenzake? Kwa sababu PNG haitupi kitu. Ukiifungua leo au baada ya miaka ishirini, kila pikseli iko vilevile ilivyoingia. Namna yake ya kubana ni kubahatisha: inaitazama pikseli, inakisia kuwa itafanana na jirani yake wa kushoto au wa juu, kisha inaandika tofauti tu. Tofauti ikiwa sifuri, sifuri, sifuri, mstari mzima unakunjwa kwa njia ileile ya mafaili ya zip. Sasa chukua picha uliyopiga kanga ikiwa imening'inizwa ukutani. Kwa macho yako ukuta ni mweupe mmoja. Kwa kamera si hivyo: pikseli hii ina 201, inayofuata 203, inayofuata 200, kwa sababu ya chengachenga ambazo kila kamera huzitia, hasa ndani ya nyumba jioni. PNG inakisia, inakosea, inakisia tena, inakosea tena, na kila kosa lazima liandikwe.

Lakini bidhaa yako yenyewe inaonyesha mahali PNG inapotamba. Fikiria kanga ileile kabla haijachapwa, ikiwa bado ni mchoro kwenye kompyuta ya mchoraji wa kiwanda. Pindo lina rangi moja iliyolala sawasawa, mji una maua ya rangi mbili au tatu, na jina limeandikwa kwa herufi zenye kingo kali. Hapo pikseli 600 mfululizo zinaweza kuwa na namba moja isiyoyumba. PNG ikikutana na mchoro huo inaufanya mdogo ajabu, pengine mdogo kuliko JPEG yake, na herufi za jina zinabaki kali kama wembe. Kwa hiyo kitambaa ni kimoja, picha mbili, na fomati mbili tofauti. Mchoro, nembo ya duka lako, picha ya skrini ya ujumbe wa malipo, jedwali la bei: hizo ni za PNG. Kilichopita kwenye lenzi ni cha JPEG au ndugu zake wa kisasa.

JPEG yeye ana tabia tofauti: anatupa, tena anajua cha kutupa. Kiwango chake kilitolewa mwaka 1992, lakini hesabu iliyo moyoni mwake ni ya zamani zaidi. Ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake Natarajan na Rao. Ahmed ameeleza kwamba alipoomba fedha za kuifanyia utafiti mwaka 1972, shirika la taifa la sayansi la Marekani lilimkatalia kwa kuona wazo lenyewe ni jepesi mno. Leo wazo hilo jepesi limo kwenye karibu kila simu iliyo mikononi mwa watu.

Linafanya hivi. Picha inakatwa vijiraba vya pikseli 8 kwa 8. Kila kijiraba hakihifadhiwi kama rangi 64, bali kama mchanganyiko wa mawimbi 64, kuanzia yale yanayopanda na kushuka taratibu hadi yanayotetemeka harakaharaka. Jicho la mtu hujali sana mawimbi ya taratibu na halisumbuliwi na mitetemo midogomidogo, kwa hiyo JPEG anaizungusha namba ya mitetemo hiyo, yaani anaikadiria kwa namba rahisi iliyo jirani, mara nyingi mpaka iwe sifuri. Zile chengachenga za ukutani zilizoisumbua PNG ni mitetemo ya namna hiyo hasa. Yeye anazifuta na wala huoni. Zaidi ya hapo anatenganisha mwanga na rangi, kwa kuwa jicho huona tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Mara nyingi pikseli nne hupewa mwanga wao kila moja lakini hugawana rangi moja.

Hilo la kugawana rangi likumbuke, tutalirudia tukifika kwenye kisutu.

Sasa tiba. Watu wengi wanaoniuliza swali kama lako wanahangaika na fomati, kumbe mzigo mkubwa uko kwenye vipimo. Mteja wako anaitazama kanga kwenye simu ambayo kioo chake kina upana wa pikseli 720 au 1080. Wewe unampelekea pikseli 4000. Simu yake inazipakua zote, bando linakwenda, halafu inazikunja zitoshe kwenye kioo. Ukiipunguza picha iwe pikseli 1600 kwa 1200, unabaki na pikseli milioni 1.92, chini ya moja ya sita ya zile za mwanzo, na bado mteja ana nafasi ya kuivuta kidogo kwa vidole aone ufumaji. Kwa zile picha ndogo za kwenye orodha, zinazobofywa ndipo ifunguke kubwa, pikseli 400 zinatosha. Tengeneza seti mbili, usitumie faili moja kubwa kwa kazi zote mbili.

Baada ya vipimo ndipo uje kwenye kile kipimo cha ubora cha JPEG, kutoka 0 hadi 100. Watu hukisoma kama asilimia, kwamba 80 ni kupoteza sehemu ya tano ya picha. Sivyo. Ni namba ya kuelekeza programu izungushe mawimbi kwa ukali gani, na kila programu ina mizani yake, hivyo 80 ya programu moja si lazima iwe 80 ya nyingine. Ninachojua kwa kufanya ni kwamba kutoka 100 kwenda 90 faili hupungua karibu nusu au zaidi, na jicho haliwezi kusema nini kimeondoka. Kati ya 75 na 85 ndipo ninapoweka picha nyingi za bidhaa. Chini ya 60 vijiraba vinaanza kujitokeza, na pembezoni mwa jina la kanga unaona ukungu kama herufi zimelowa maji. 100 usiiweke kamwe kwa tovuti. Unalipa uzito bila kupata kitu.

Kwa pikseli 1600 na ubora 80, picha zako nyingi zitaangukia kwenye KB 250 hadi 450. Kitenge chenye vimaua vidogovidogo kitakuwa kizito zaidi, kanga yenye mji mtupu itakuwa nyepesi. Ghala lako lote litashuka kutoka GB 2.6 hadi MB 50 hivi.

Kisutu sasa. Nyekundu, nyeupe na nyeusi, na mipaka mikali kati yao. Pale JPEG anapozigawia pikseli nne rangi moja, nyekundu ndiyo inayoonewa kuliko zote: ukingo wake unatapakaa kwenye nyeupe na kwenye nyeusi, kama kitambaa kilichochuja rangi. Na mteja akiona rangi inachuja kwenye picha, unajua atakachofikiri kuhusu kanga yenyewe. Kwa kisutu, na kwa kanga yoyote nyekundu yenye jina, tafuta kwenye mipangilio ya kuhifadhi JPEG chaguo lenye namba 4:4:4, linaloipa kila pikseli rangi yake, badala ya 4:2:0, lile la kugawana. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, lipo ukifungua mipangilio ya ziada wakati wa kusafirisha faili. Faili litaongezeka uzito kidogo, na ni ongezeko lenye faida.

Kazi yenyewe ya picha 140 usiifanye moja moja, utachoka ufikie ya thelathini uache. Kama una kompyuta ya Windows, IrfanView ni programu nyepesi, ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara: ifungue, bonyeza herufi B, itakuletea dirisha la kugeuza mafaili mengi kwa pamoja. Chagua folda, chagua JPG, weka upande mrefu uwe pikseli 1600, weka ubora 80, elekeza matokeo kwenye folda nyingine, kisha nenda kachemshe chai. Kama kuna kijana anayejua kutumia ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa amri za maandishi, mpe mstari huu aukimbize ndani ya folda ya picha, baada ya kutengeneza folda iitwayo ndogo:

magick mogrify -path ndogo -format jpg -resize "1600x1600>" -quality 80 *.png

Ile alama ya > inazuia picha iliyo ndogo tayari isivutwe ikawa kubwa. Usiisahau. Na kama huna kompyuta, tovuti ya Squoosh inafanya kazi kwenye kivinjari cha simu, picha moja kwa wakati, na inakuonyesha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu huku ukisogeza kipimo cha ubora. Hata kwa mwenye kompyuta ni mahali pazuri pa kujifunzia jicho lako linaanza kulalamika kwenye namba ipi.

Nimesisitiza folda nyingine kwa sababu nina kovu. Niliwahi kubana picha za harusi ya binamu yangu na kuzihifadhi juu ya zile za asili, zote, pikseli 800. Miezi minne baadaye mama yake akataka moja ichapwe kubwa, ya kutundika sebuleni. Bado naikumbuka kila nikiingia sebule ile, maana pale ukutani pametundikwa saa.

Kwako, kama zile JPEG za mwanzo bado ziko kwenye simu, futa PNG zote uanzie huko, na kwenye ule mstari wa ImageMagick andika *.jpg badala ya *.png. Kama ulizifuta, usihofu: PNG zako zimebeba kila kilichokuwamo kwenye JPEG, zigeuze hizohizo. Kinachoharibu ni kufungua JPEG, kuihifadhi, kuifungua tena, kuihifadhi tena, kwa sababu kila mara anazungusha upya namba alizokwisha kuzizungusha. Picha iliyozunguka magrupu kumi ya WhatsApp ndiyo mfano wake. WhatsApp yenyewe huibana picha unayoituma kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mteja anayetaka kuona ufumaji mtumie kama hati.

Kuhusu fomati mpya. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, na wenyewe wanasema picha ya WebP huwa ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora unaolingana. Kwa uzoefu wangu tofauti hiyo ni ya kweli kwenye ubora wa kati, na vivinjari vyote vikubwa vinaifungua sasa. Kama aliyekutengenezea tovuti anaweza kuiwekea WebP, aiweke. Ila picha utakazowatumia wateja mkononi ziache JPEG, maana mtu wa simu ya zamani akipokea faili lisilofunguka hatakuuliza sababu, ataenda kwa jirani. Ipo pia AVIF, ya mwaka 2019, inayobana zaidi ya WebP lakini inachukua muda mrefu kutengeneza. Kwa duka la picha 140 sioni haja ya kujisumbua nayo.

Ukibadilisha simu ukahamia iPhone utakutana na HEIC, ambayo iPhone zimeitumia tangu mwaka 2017. Nayo inabana vizuri, lakini kompyuta nyingi za maofisini zinaigomea. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, chagua «Most Compatible» na simu itarudi kutoa JPEG.

Jambo moja ambalo watu hulifanya kwa siri na kuaibika kuliuliza: kubadilisha mkia wa jina, kutoka .png kuandika .jpg, ukidhani umegeuza. Hujageuza, umebandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Ndani faili la PNG huanza na baiti zake za utambulisho na la JPEG na za kwake, programu zinazosoma baiti hizo zinajua ukweli, na uzito haupungui hata KB moja. Hata kuzitia JPEG kwenye zip hakusaidii, kwa kuwa hakuna hewa iliyobaki ya kutoa.

Na unapogeuza, kumbuka mambo mawili. La kwanza, JPEG hajui uwazi. Nembo yako isiyo na mandharinyuma ukiigeuza kuwa JPEG itapata mandhari nyeupe au nyeusi, na nyeusi ndiyo inayokuja siku una haraka. Nembo ibaki PNG. La pili, picha ya simu hubeba taarifa zilizofichika, zikiwamo mahali ilipopigwa kama uliruhusu, kwa usahihi wa kufikisha mtu mlangoni. Kama unauzia nyumbani, bidhaa unayo ndani. Kwenye dirisha la kuhifadhi kuna kisanduku cha kubakiza taarifa hizo za EXIF, kitoe alama. Kwenye ule mstari wa ImageMagick ongeza -strip kabla ya *.png.

Sasa cheti cha mwanao. PDF ya cheti kilichoskaniwa kwa kawaida ni bahasha tu, ndani yake kuna picha. Ukibana PDF, kwa kweli unaibana picha hiyo. MB 8 kwa ukurasa mmoja inanionyesha kwamba mwenye steshenari aliskani kwa rangi na kwa ubora wa juu, pengine nukta 600 kwa inchi. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, na kwa 150 ni 1240 kwa 1754, robo yake. Mrudie, umwombe askani upya kwa nukta 200, rangi, kama JPEG ya ubora wa kati ndani ya PDF. Itashuka chini ya MB 1 bila shida. Ikigoma, mwambie ashuke hadi 150, maandishi yatasomeka bado. Kuskani upya ni bora kuliko kuchukua hiyo PDF na kuisukuma kwenye tovuti za bure za kubana, ambako cheti cha mtoto chenye jina na namba zake kinakwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Akikupendekezea ile hali ya nyeusi na nyeupe tupu, isiyo na kijivu, kataa. Ni nyepesi kweli, kwa sababu kila pikseli inabaki na biti moja badala ya 24, lakini muhuri wa bluu na sahihi hafifu hugeuka madoa au hupotea kabisa, na atakayepitia maombi anautafuta muhuri kwanza. Kuna sababu nyingine ya tahadhari. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox zilipokuwa zikiskani zilibadilisha tarakimu: 6 ilitoka 8, wazi kabisa, bila ukungu wowote wa kumshtua mtu. Njia ya kubana iliyotumika ilikuwa ikikusanya alama zinazofanana na kuzihifadhi kama moja, na kwenye maandishi madogo ikazifananisha zisizofanana. Xerox walitoa marekebisho, lakini mimi tangu hapo sipakii hati yoyote iliyobanwa kabla sijaikuza kwenye kioo na kuisoma namba ya mtahiniwa, tarakimu moja moja, huku karatasi yenyewe nimeishika mkono wa pili.